Tochi Isiyoangaza Sana

Jina la Kidoti alipewa utotoni kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake, ndogo kama punje ya ulezi, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja atageuka kidoti kweli. Ndivyo ilivyokuja kuwa. Kaka yake na dada yake, wanaoishi miji ya mbali na wanaompenda kwa moyo wote, walimnunulia simu nzuri, na ndani yake wakaweka ile ramani inayoonyesha mtu alipo. Tangu siku hiyo Kidoti ni kidoti cha buluu kwenye simu zao. Kikitoka dobi, kinakopiga pasi nguo za watu, wanakiona. Kikikata kona, wanakiona. Kikisimama kidogo kwenye genge, simu inaita.

"Mbona umesimama?" dada yake huuliza.

"Nanunua nyanya."

"Haya. Usichelewe, mama yuko peke yake."

Mama aliwahi kuanguka kwenye ngazi za jengo lao. Mfupa uliunga vizuri, hofu ndiyo iliyokataa kuunga. Anaweza kujipikia uji, anaweza kwenda chooni akipapasa ukuta, lakini jua likishazama hataki kuwa peke yake hata kidogo. Watoto walikaa kikao, wawili kwenye simu na mmoja miguuni pa mama, wakakubaliana kwamba Kidoti, kitindamimba, asiye na mume wala mtoto, ndiye mwenye nafasi. Nafasi! Mtu anasimama kwenye pasi tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, halafu anaambiwa ndiye mwenye nafasi. Kidoti aliitikia, kwa sababu alikuwa akimpenda mama yake na kwa sababu hakuna aliyekuwa akimuuliza. Walikuwa wakimjulisha tu.

Kuiacha simu nyumbani haikuwezekana. Balbu ya ngazi iliungua zamani, mwenye jengo akatia pamba masikioni, na kila jioni Kidoti hupanda akimulika kwa simu. Simu hiyohiyo inayomwonyesha njia ndiyo inayomwonyesha yeye kwa ndugu zake.

Sasa, pale dobi kuna sheria moja: nguo haiingii majini kabla mifuko haijageuzwa nje. Kidoti ameshatoa mifukoni mwa watu funguo, vitambaa, pipi zilizolambwa nusu, na mara moja jino. Wiki moja akatoa tochi, nyembamba, ndefu kama kidole cha kati, kwenye suruali ya mteja mmoja mrefu. Akaiweka rafuni. Jioni umeme ukakatika, mwenye dobi akamtuma kibiriti duka la ng'ambo, na Kidoti akaichukua ile tochi bila kufikiri. Alivuka barabara, akanunua, akarudi. Alipofika mezani akaiona simu yake imelala palepale pembeni ya pasi. Alikuwa ametoka akarudi, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua. Akasimama akiangaza huku na huku kama mtu aliyeiba.

Kesho yake mteja mrefu alikuja, akachukua suruali na tochi yake, wala hakusema asante.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama si Bi Mkasi. Huyu ni fundi cherehani, mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi na ulimi mrefu, anayeleta magauni ya wateja wake kupigwa pasi. Siku hiyo alimkuta Kidoti amegeuza gauni ndani nje, anatikisa kichwa.

"Una nini na gauni langu?"

"Mkono wa kushoto umewekwa kulia, Bi Mkasi. Ndiyo maana unavuta kwapani."

Bi Mkasi akalitazama, akanuna, kisha akacheka. "Aliyekata ni mwanafunzi wangu, na nitamkata yeye. Lakini wewe una jicho. Njoo nikufundishe kukata. Alhamisi jioni, kwa muda wa saa moja tu. Imebaki nafasi moja, na usipokuja Alhamisi hii nampa mwingine."

Kidoti hakulala vizuri usiku huo. Alikuwa amenyoosha nguo za watu miaka yote, na hamu yake kubwa ilikuwa kukata moja kwa mkono wake. Ombi hilo ndugu zake walikuwa wamewahi kulisikia. Kaka alisema ni wazo zuri sana, tulipange vizuri. Likaenda kupangwa, halikurudi tena. Mama alilia tu, na hilo lilitosha.

Na chumba cha Bi Mkasi kipo mwisho wa kichochoro nyuma ya maghala, hakuna taa, mtaro umepita katikati bila kifuniko. Kidoti cha buluu kikionekana kinaingia humo jioni, ukoo mzima utapiga simu. Kwa hiyo Kidoti akakata shauri: simu itabaki kwenye droo ya dobi, na kidoti kitabaki dobi. Atawaambia kwamba siku za Alhamisi kuna mashuka mengi, na ile pasi kubwa ya mvuke inanguruma, hatasikia simu. Kilichobaki ni kupata tochi.

Duka la vifaa vya umeme liko njiani, hatua chache kutoka genge la nyanya. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha vizuri.

"Nataka tochi," Kidoti akasema. "Ndogo."

"Kwani simu yako haina tochi, dada?"

Ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Inayo. Nataka nyingine."

Muuzaji akashusha kutoka juu kabisa dude la kujaza mkono. "Hii ukiiwasha hapa, aliye ng'ambo anafumba macho. Mwizi hakusogelei." Akaiwasha, dari ikawa nyeupe pe. Kidoti akarudi nyuma. Tochi ya namna hiyo ingemtangaza mtaa mzima.

"Huna isiyoangaza sana?"

Muuzaji akavua miwani. "Dada, nauza tochi tangu nina nywele kichwani. Watu wanaingia humu wanataka jua. Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka nione miguu yangu, basi."

Alicheka, lakini hakumdharau. Alikuwa muuzaji wa kweli, na shida ngeni ilimchangamsha. Akapanga tochi mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kuchaji, nyepesi, nzuri. Kidoti akaishika, akairudisha. Soketi ya nyumbani iko kando ya kitanda cha mama; kitu kikichajiwa pale ni sawa na kukitangaza msikitini na kanisani kwa pamoja. Ya pili ilikuwa na kitufe mkiani, na kila ukibonyeza inalia ta! Hapana. Ya tatu ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Akaitia kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, akainama kama anayeokota kitu, nayo ikachungulia nje. Hapana. Ya nne ilikuwa ya mviringo mtupu, akailaza mezani ikaviringika hadi ukingoni, muuzaji akaidaka.

"Dada, kwani tochi hii unaenda kuioa?"

"Lete nyingine."

Ya mwisho ilikuwa nyeusi, fupi, yenye pande bapa. Haikuwa na kitufe. Unazungusha kichwa chake nayo inawaka kimya. Ilikula betri moja tu, aina ileile ya saa ya ukutani, ambayo hakuna mtu anayeuliza ukinunua. Kidoti akaizungusha kidogo. Mwanga ukaangukia viatu vyake, viatu peke yake, na sakafu kidogo mbele yake. Akajikuta anatabasamu.

"Hii."

Simu ikaita palepale.

"Mbona umesimama?" dada yake akauliza. "Hapo si kwenye nyanya."

Kidoti akaitazama tochi mkononi mwake. "Nanunua betri. Ya saa ya ukutani."

"Saa ya mama imesimama?"

"Imesimama."

"Maskini mama. Haya, fanya haraka."

Muuzaji alikuwa amesikia yote. Alifunga tochi kwenye gazeti, na juu yake akaongeza betri ya pili. "Ya saa," akasema, huku akitazama pembeni.

Angepanda ngazi kwa simu kama kawaida, tochi ingebaki salama mfukoni. Lakini hakuweza kusubiri. Aliizungusha pale chini, na ngazi zikaja moja moja mbele ya miguu yake, na kifua kikamjaa furaha ambayo hakuijua jina. Alipofika juu, mlango ulikuwa wazi. Mama alisimama ameshika fremu.

"Hiyo si taa ya simu," mama akasema. "Simu iko wapi? Umeibiwa?"

"Sijaibiwa, mama."

"Basi hiyo ya nini?"

Kuna watu wanaojua kunyamaza wakibanwa. Kidoti si mmoja wao. "Nimekuletea wewe," akasema. "Ya kwendea chooni."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliizungusha, akaizima, akaiwasha, machozi yakamlengalenga, na kabla Kidoti hajavua viatu, wale wawili walikuwa wameshapigiwa simu. "Umefikiria vizuri sana, Kidoti," kaka akasema. "Sisi hatukulifikiria." Kidoti alikaa kitandani kwake akijichukia. Uongo ulikuwa wake mwenyewe, tena mzuri, nao ulimpokonya kilekile alichokwenda kukitafuta. Kununua nyingine haikuwezekana. Saa ya ukutani haimalizi betri mara mbili kwa wiki, na dada yake hasahau kitu.

Toka hapo mama alimulika kila kitu: mlango, sufuria, dawa zake, hata taa za ndani zikiwa zinawaka. Kidoti akiongea, duara dogo la mwanga linampanda usoni. "Nikuone," mama husema.

Alhamisi ilifika. Jioni Kidoti aliitia simu kwenye droo, akaifunga, akabaki ameshika mpini wa droo muda mrefu. Halafu akajipiga moyo konde, akaenda. Kichochoro kilikuwa cheusi kama chungu. Aliweka kiganja ukutani akawa anapapasa, kama mama yake aendavyo chooni, na kila hatua aliijaribu kwa ncha ya kiatu kabla ya kuiamini. Mguu mmoja uliingia mtaroni. Alilaani kwa sauti, na palikuwa na raha yake kulaani mahali ambapo hakuna wa kuuliza kulikoni.

"Umekuja na mtaro wangu mguuni," Bi Mkasi akamwambia mlangoni. "Kaa. Shika chaki."

Kidoti alichora mkono wa gauni. Akakosea, akafuta kwa kiganja, akachora tena. Alipoukata, mkasi ulipita kwenye mstari bila kutetereka, na Bi Mkasi, ambaye hasifii mtu bure, akasema tu, "Ehee." Saa nzima hakuna aliyemuuliza yuko wapi.

Alirudi dobi kuchukua simu, akashika njia ya nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mama alikuwa amekaa kitandani, tochi mkononi.

"Umechelewa."

"Mashuka yalikuwa mengi."

Duara la mwanga likaanzia chini. Kiatu kimoja kikavu, kimoja kimelowa. Likapanda sketi polepole, likapita mfuko, likafika kwenye mkono wa ile sare yake ya buluu iliyokoza. Hapo palikuwa na mstari wa chaki, mweupe, ulionyooka. Mwanga ukasimama.

Kidoti alikuwa ametafuta tochi ya kumulika karibu tu. Hii ilimulika karibu vizuri sana. Angeweza kusema ni sabuni, angeweza kusema ni unga, lakini uongo ulikuwa umemwishia, na alikuwa amechoka, akaona basi, na liwe liwalo.

Simu ya mama ikaita. Alikuwa kaka.

"Kidoti amefika? Leo amekaa dobi mpaka giza."

"Amefika," mama akajibu. Mwanga ulikuwa bado palepale kwenye chaki. "Namwona. Nimemmulika."

"Kweli alikuwa dobi muda wote huo?"

"Si umeona mwenyewe kwenye simu yako? Dobi."

Mama akakata simu.

"Alhamisi ijayo vaa kitu cheupe," mama akasema. "Chaki haionekani kwenye nguo nyeupe."

Kidoti akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kucheka, kilio kikamtangulia. Mama alimwacha alie. Baada ya muda Kidoti alijifuta uso na kuitazama ile tochi nyeusi mkononi mwa mama yake.

"Mama, sasa hiyo tochi..."

"Tochi nimeletewa mimi," mama akasema, akaizima na kuisukumiza chini ya mto. "Mimi naogopa giza, mwanangu. Wewe umekwenda bila tochi, na umerudi."