Nilipinga malipo ya kusafisha gari, picha waliyonitumia ikaniuma kuliko pesa

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeona nitoe langu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi ya shemeji zangu wamo humu na huwa wanasoma bila kuchangia.

Nianze na mimi ni nani, msije mkapotea njiani.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kisii, nimeolewa Litein, kwa Wakipsigis. Nina duka la kushona sweta za shule pale sokoni. Mume wangu, tumuite Baba Chela, anaendesha lori la kubeba majani chai, kwa hivyo msimu ukichangamka mimi na yeye tunaonana kama wapangaji.

Boma la mama mkwe haliko mbali na soko, unateremka tu na njia ya murram katikati ya chai. Mama ana goti bovu. Kila akiwa na kliniki Kericho, mimi ndiye namwitia gari kwa app. Simu yangu, laini yangu, pesa yangu. Sikuwa naona shida. Kusema kweli nilikuwa najisikia vizuri, kwa sababu ndicho kitu pekee mle bomani ambacho hakuna mwingine alikuwa anakifanya.

Sasa huyo mwingine.

Mume wangu ana ndugu mdogo anayeishi Kabianga. Mke wake ni Chebet, mwalimu wa shule ya msingi huko huko. Ni Mkipsigis, mpole, ana meno mazuri. Akija nyumbani anakaa na Mama jikoni wanaongea Kikipsigis mpaka wanacheka machozi. Nikiuliza wanacheka nini, natafsiriwa mstari mmoja: "Ni habari ya ng'ombe tu."

Wakuu, hakuna ng'ombe anayechekesha hivyo.

Nilikuwa namwonea wivu, nasema wazi. Si wivu wa mume. Ni ule wa kuingia kwenye boma ukapewa kiti, halafu unaona mwenzako hapewi kiti kwa sababu yeye anajua kigoda kiko wapi.

Na kuna jambo la mursik. Kwa wasioijua, mursik ni maziwa lala yanayokaa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti ndani. Kibuyu chenyewe wanakiita sotet. Si maziwa ya kumpa kila mpita njia. Krismasi tukiwa wote kwa Mama, kikombe cha mursik kinazunguka, kinafika kwa Chebet, kinafika kwa watoto, kikikaribia kwangu mimi naletewa chai. Kila mwaka. Nilishajiambia sababu yake ni nini na nikanyamaza nayo, nikanywa chai yangu.

Twende kwa kisa chenyewe.

Siku moja Mama alikuwa na kliniki. Nikiwa dukani nikamwitia gari, likamchukua nyumbani, nikaendelea na sweta zangu. Mchana nikaona kwenye simu nimekatwa karibu mara tatu ya kawaida. Nikafungua risiti. Nauli imepanda kwa sababu safari imekuwa ndefu. Kuna pesa ya kusubiri. Na chini kabisa, pesa ya kusafisha gari.

Kusafisha nini? Mama wangu mkwe ni mtu ambaye akila ndizi anaweka ganda kwenye mkoba mpaka afike nyumbani.

Mama aliporudi jioni nikapita kumwona. Nikamuuliza, "Mama, leo mlipitia wapi?"

Akajibu, "Tulienda tu."

"Na dereva alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mzuri sana, mama. Ni mtu ya heshima."

Nikajua Mama ni mtu wa kanisa, hawezi kumsema mtu vibaya hata kama ameibiwa. Usiku huo nikaandika malalamiko kwa hasira. Niliandika kwamba dereva amemzungusha mama mzee mgonjwa makusudi ili nauli ipande, na kwamba abiria hakubeba chochote isipokuwa mkoba.

Kesho yake pesa yangu ikarudi, na ujumbe kwamba dereva ameonywa. Nikatamba nayo soko nzima. Nikawafundisha hata wamama wa mboga namna ya kupinga malipo, wengine hawana hata hiyo app.

(Kuna mkuu ameshaniuliza kwenye comment ya kwanza ni app gani. Sitataja. App yenyewe haikuwa na kosa, soma mpaka mwisho.)

Baada ya siku kadhaa wakaniandikia tena. Dereva amekata rufaa na ameleta ushahidi. Tafadhali angalia, kisha useme kama bado unapinga.

Kulikuwa na ramani na picha moja.

Ramani ilionyesha gari limetoka Litein, likaelekea njia ya Kericho, halafu likaacha lami likaingia Kabianga. Likasimama huko. Kisha ndiyo likaenda kliniki.

Picha ilikuwa ya kiti cha nyuma. Kiti kimelowa maziwa ya rangi ya kijivu, ile rangi ya mkaa. Pembeni kuna sotet imelala, kifuniko kimetoka, shanga nyekundu na nyeupe zimezunguka shingo. Hizo shanga nazifahamu. Alizisuka mama yake Mama, na hiyo sotet hutolewa siku za wageni wakubwa.

Nikakaa chini kwenye marobota ya uzi.

Yaani Mama amepanda gari langu, na goti lake, akapitia Kabianga kumpelekea Chebet mursik kwenye sotet ya bibi. Halafu akanijibu "tulienda tu". Mimi ndiye wa gari, mwenzangu ndiye wa maziwa.

Nikafungua ukurasa wa Chebet mtandaoni. Nikarudi nyuma mpaka siku ile. Picha ilikuwepo. Kikombe mezani, mursik imejaa, na maneno ya Kikipsigis ambayo niliyaelewa yote bila kutafsiriwa: asante mama.

Wakuu, wivu una joto. Nilihisi masikio yanachoma. Nilianza kuhesabu kliniki zote nilizomwitia gari nikijiuliza ni ngapi zilipitia Kabianga. Mteja akaja kuchukua sweta, nikampa ya shule nyingine.

Sasa app inangoja jibu. Je, bado unapinga?

Ukweli nilikuwa nao mkononi. Dereva hakuzunguka, alielekezwa. Gari lilichafuka kweli. Mtu mzima angebonyeza hapana na kulipa.

Nilibonyeza ndiyo. Na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: "Hicho kibuyu sikijui. Si cha abiria wangu."

Nilitaka nini? Nilikuwa nataka angalau hayo maziwa ya Chebet yasisafishwe kwa pesa yangu. Hakuna hesabu nyingine niliyofanya. Yule dereva hata hakuwa kichwani mwangu.

Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye mashine, nikaona Mama anaingia dukani. Kwa miguu, fimbo mkononi, jasho usoni, goti limefungwa leso. Nyuma yake kulikuwa na mwanaume wa makamo, koti lake limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Nikakimbia kumletea Mama kiti. Akakikataa.

"Huyu ndiye dereva," akasema. "Ameniambia wamemfungia. Ati ameweka picha ya uongo."

Yule mwanaume akanisalimia kwa adabu. Nitamuita Festo. Akasema, "Madam, mimi sijakuja kugombana. Nilikuwa nachuma chai kwa estate mpaka mashine ikaingia, tukaachishwa. Hii gari nimechukua kwa mkopo. Nikikaa nyumbani hivi, mwenyewe anaichukua. Naomba tu uambie hao watu ukweli ni gani."

Hakuinua sauti hata kidogo. Ningependa angenifokea.

Mama akasema, "Hana makosa. Ni mimi nilimwambia tupitie Kabianga. Kifuniko sikushindilia vizuri, barabara ikatikisa. Hiyo maziwa nusu ilimwagika. Huyu akasema pole mama, akapanguza na shati yake. Sasa kwa nini umesema hujui hiyo sotet? Hiyo sotet unaijua."

Jirani yangu wa viatu alikuwa amezima redio ili asikie vizuri.

Ningeweza kusema picha haikuwa wazi. Nilifungua mdomo niseme hivyo, kikatoka kingine.

"Mama, mimi nakuitia gari. Nakupeleka hospitali. Chebet anapelekewa mursik mpaka mlangoni. Mimi niko hapa karibu, na hata siku moja hujawahi kuniletea hata kikombe. Krismasi mnaniruka. Kama ni kwa sababu mimi ni Mkisii, uniambie tu nijue."

Festo akaangalia sweta zilizoning'inia.

Mama akavuta kile kiti. Sasa ndiyo akakaa.

"Mama Chela," akasema, "ile mara ya kwanza ulikuja kwangu, nilikupatia nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Nilikupatia mursik. Nilitoa kwa hiyo hiyo sotet. Ukaweka kwa mdomo, ukakimbia nje, ukatapika kwa ukuta ya jikoni. Ulikuwa unalia. Ulisema ni harufu ya mkaa. Nikaona, huyu mtoto ya wenyewe, nimemfanyia vibaya siku ya kwanza. Nikaambia watu yote ya hii nyumba, mursik isikaribie Mama Chela. Hata sotet nilitoa jikoni, nikapeleka kwa stoo ya mahindi, ndio ukiingia usisikie hiyo harufu. Mpaka leo iko huko. Chebet mwenyewe ninamwambianga asikuonyeshe."

Wakuu, ndiyo nikakumbuka. Ule ukuta. Yale machozi.

"Mama," nikasema, "ile siku nilikuwa na mimba ya Chela. Hata maji nilikuwa natapika."

"Mimba?"

"Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Baba Chela alikuwa hajui. Niliona aibu, ndiyo nikasema ni mkaa."

Mama alishika kichwa. Alianza kitu kwa Kikipsigis, kirefu, halafu akaanza kucheka, halafu akawa anapanguza macho na ile ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Miaka yote hiyo yeye amebeba kibuyu kupeleka stoo na kurudisha kwa ajili yangu, na mimi nimekaa naandika kesi moyoni. Nilipiga magoti pale pale kwenye vipande vya uzi nikamshika miguu. Akasema nisiguse upande wa goti.

Halafu akanikumbusha kwamba kuna mtu amesimama.

Nilichukua simu mbele yao. Niliandika kwamba nimesema uongo, kwamba dereva alifuata maelekezo ya abiria, gari lilichafuliwa, malipo yote ni halali, na kibuyu ni cha nyumbani kwetu. Festo akaniomba nimsomee tena hiyo ya kwamba dereva hana kosa. Nikamsomea. Kufungua akaunti yake kulichukua siku kadhaa, na siku hizo nilimlipa mimi mwenyewe kumpeleka Mama na kumrudisha, bila app. Sijui kama amenisamehe. Bado ananiita madam.

Jumamosi iliyofuata Mama aliniita jikoni kwake. Sotet ilikuwa imening'inizwa juu ya meko. Akaitikisa, akamimina kikombe kikajaa mpaka juu, akanipa kwa mikono miwili.

Sasa nitasema ukweli ambao sijamwambia hata mume wangu. Mursik bado siipendi. Ni chachu na mkaa unabaki kwenye meno. Nilikunywa yote, nikaomba nyingine.

Nimejifunza nini? Kwamba kampuni ikikukosea, pinga, ni haki yako, hata leo nikikatwa ovyo nitapinga. Lakini kabla hujabonyeza, jua unapigana na nani. Mimi nilikuwa nalalamika kwa mama mkwe na mwalimu wa Kabianga, na aliyekosa kazi alikuwa mtu ambaye hata chai hatujawahi kunywa pamoja.

Wivu wenyewe umeisha? Jana Chebet amepelekewa tena, nimeona kwenye status. Gari niliita mimi. Nilizima simu, nikakaa kidogo, nikaiwasha, nikampigia Mama kumuuliza yangu inakuja lini. Akaniambia iko tayari, nilete kikombe kikubwa.

Wanawake wenzangu mlioolewa mbali na kwenu, na nyinyi madereva ambao mmewahi kufungiwa kwa uongo wa abiria, karibuni mseme. Na madereva mkitaka kunitukana, leo sitajibu.