Umesikia, ao Umekubali?

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, Jumapili, na kila nikinusa makala, makaa ya kupikia, yaliyonyeshewa nairudia saa hiyo. Mama aliuza makala mbele ya nyumba yetu ya mbao, mtaani Ndosho. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mdogo wake, niliyemwita Papa Mudogo, alifika kutoka mtaa wa Katindo na mtu mwenye viatu safi mno kwa mawe yetu meusi ya volkano. Mtu huyo alikuja kununua kiwanja chetu. Kikiuzwa, tungehamia kulala jikoni kwa Papa Mudogo.

Kwetu mjane hakumwambia shemeji yake "hapana". Aliinamisha macho na kuitikia. Jumapili nne mfululizo mama alikuwa ameitikia hivyo: haya, sawa, nimesikia. Nilimwonea aibu. Lakini mimi aliponituma maji nikajibu "nimesikia", hakuridhika. "Umesikia, ao umekubali? Masikio haichotake maji." Sikuondoka mpaka niseme nimekubali.

"Shemeji, mupeane mukono tumalize," Papa Mudogo alisema. "Ulishakubali."

"Nilisikia, papa." Mama aliendelea kujaza makala kwenye mfuko wa kuuzia.

"Ulisema sawa."

"Sawa ilikuwa ya kukuacha umalize kusema."

Jirani mmoja aliyekuja kununua makala alicheka puani. Papa Mudogo akanigeukia. "Masika, weye ulikuwa hapa. Mama yako alisema nini?"

Nilikuwa na miaka tisa, na ugonjwa wa kuhesabu kila kitu. "Haya mara mbili, papa. Sawa mara tatu. Nimesikia mara sita. Nimekubali, hakuna hata moja."

"Hii mutoto iko avoka," alisema yule mnunuzi, bila kucheka, kama aliyeona wakili wa kweli. Alingoja mkono wa mama. Mama alifunga mfuko kwa kamba, akachukua mwingine. Ndipo mnunuzi akamtazama Papa Mudogo, akadai avansi yake, pesa aliyokuwa amemtangulizia.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba sikumwokoa mama siku ile. Nilisoma tu hesabu aliyokuwa ameiandaa mwenyewe. Mwanamke niliyemdhania mwoga alikuwa amekataa mara kumi na moja, mchana kweupe, kwa heshima zote alizodaiwa, na hakuna aliyemsikia kwa kuwa hakuna aliyedhani anaweza kukataa. Kiwanja bado ni chetu. Papa Mudogo alirudisha dola mia moja na hamsini za ile avansi, na alikuwa ameshazila.