Kadi Mbili za Kaka

Kaka yetu mkubwa ana kadi mbili za mashirika ya ndege, na kila akikaa huzipapasa kwa kidole gumba kama anabembeleza kifaranga. Hii inampa kiti cha mbele, ile inampa ukumbi wa wateja maalumu, ashike ipi? Mwaka mzima ametuchosha masikio. Mama alipolazwa afanyiwe upasuaji, mtu mzima na akili zake akaacha ndege ya moja kwa moja, akazunguka viwanja vitatu, eti kadi yake ipate pointi za kupanda daraja! Aliingia wodini Mama ameshapasuliwa.

“Pale uwanjani begi langu lilitoka la kwanza,” akatamba.

Mama akafumbua macho. “Na wewe, mwanangu, ulikuwa wapi?”