Video ya Shangazi Marieta Ambayo Hamtaiona

Shangazi yangu Marieta anaitwa Mama Netiweki. Aliyempa jina hilo ni Xavery wa bodaboda. Ilikuwa Jumapili, shangazi anasoma somo la pili kwa ile sauti yake ya kufukuza ng'ombe shambani. Katikati ya mstari akanyamaza. Macho yameganda ukutani, mdomo unatafunatafuna kama una kipande cha muwa, vidole vinakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Kanisa zima kimya, hata watoto. Halafu akarudi, akaendelea na mstari wa chini kabisa kama vile hakuna kitu.

Kutoka nje tu Xavery akasema, "Leo netiweki ya Marieta ilikata." Watu walicheka mpaka mwingine akaegemea pikipiki. Siku ya gulio pale Dongobesh hata muuza ndoo alikuwa analijua. "Mama Netiweki, leo vitunguu swaumu unatoaje?"

Shangazi akataja bei, jina akaliacha lipite. Wakadhani amelikubali, basi likakaa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Kumbe lilikuwa linamfichia jingine baya zaidi.

Niwaambie kwanza huyu mama ni nani, maana mnanijua kwa vichekesho tu. Ni dada wa baba yangu. Ni mjane, ana shamba dogo huku upande wa Nambis, analima mahindi, maharage na vitunguu swaumu, ana ng'ombe mmoja mkorofi na nguruwe wawili anaowaita wapangaji. Shikamoo ukiichelewesha anasimama njiani anakusubiri, hata kama mvua inanyesha. Mimi naishi naye tangu nimalize shule. Anasema nimeolewa na simu. Mkono wake wa kushoto una kovu kubwa la moto. Ukimuuliza, anasema mafuta ya maandazi. Shangazi yangu hajawahi kupika maandazi maisha yake yote.

Ni kifafa. Aliangukia jikoni.

Nyumbani kwake hilo neno halitamkwi. Tunasema "ile hali." Huku kwetu mtu akianguka, watu wanakimbia. Wanaamini akijamba au ukiguswa na mate yake, unaipata. Kwa hiyo hata wale waliomwona hawakuona kitu. Waliona mwanzo, halafu wakaonyesha visigino.

Sasa, kaya yetu iko kwenye ule mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, na walio kwenye mpango wanafanya kazi za jamii. Msimu uliopita kazi ilikuwa kuchimba lambo la kunyweshea mifugo. Shangazi alikuwa anabeba udongo ukingoni. Akaanguka. Wenzake wakatawanyika. Alipozinduka, uso uko kwenye tope na maji yalikuwa karibu na pua kama ninavyoshika simu hii. Alijiburuta mwenyewe. Msimamizi, aliyekuwa ng'ambo ya lambo, akaandika kwamba alilala kazini.

"Nililala!" shangazi aliniambia jioni ile, anacheka. "Glory, mimi nilale kwenye tope kama mpangaji?"

Mvua zikaisha, lambo likawa nusu maji, ikatangazwa linaongezwa kina. Kazi inaanza Jumatatu ya wiki mbili zijazo. Mtendaji wa kijiji akasema anayetaka kutolewa kwenye kuchimba, na kuombewa ruzuku ya ulemavu, alete uthibitisho wa daktari. Maneno matupu hapokei. Shangazi alianza kuota maji. Asubuhi namkuta amekaa kitandani anajifuta uso kwa khanga, na uso ni mkavu.

Tukaenda hospitali. Jamani, huyu mama alijiandaa! Alioga, akapaka mafuta, akavaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kanisani. Nikamwambia, "Shangazi, tunaenda kuomba cheti cha ugonjwa, wewe umependeza kama mama wa bwana harusi." Akasema, "Niende ugenini nimechakaa? Nimekosa adabu?"

Daktari alikuwa kijana, Daktari Festo. Akaanza vizuri kabisa: "Shikamoo mama." Shangazi akachanua. Marahaba, hujambo mwanangu, nyumbani hawajambo? Alipoulizwa anaendeleaje, akajibu nzuri tu. Unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Kazi unafanya? Nafanya, tena nalima mwenyewe. Mimi pembeni nataka kulia. Mwanamke anajimaliza mwenyewe kwa adabu!

Nikaingilia. "Daktari, huwa anaanguka."

Shangazi akaniangalia, jicho lile la kuchinja kuku. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ukianguka inakuwaje?"

"Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Mwanangu, mimi nikianguka sipo. Waulize waliopo."

"Waliopo ni nani?"

"Wamekimbia."

Daktari hakucheka. Akampima, akamwangalia kovu, akaangalia ulimi. Akasema anaamini, ila mtu huanguka kwa sababu nyingi, moyo, presha, sukari. Akiandika kifafa bila kujua kilivyo, dawa anaweza kukosea na karatasi inaweza kurudishwa. Anahitaji mtu aliyeona tangu mwanzo hadi mwisho. Au video. Akanigeukia.

"Wewe una simu nzuri. Akianguka, ondoa kila kitu kigumu karibu yake. Ikitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Piga video ya uso, macho, mikono, mpaka azinduke. Ikizidi dakika tano, acha kupiga, mlete hapa."

Niliitika kama shujaa. Mimi ni mtu wa klipu, nimepiga video za mbuzi wakipigana, itanishinda hii? Lakini kurudi nyumbani nikawa sina raha. Fikiria unamsubiri mtu wako aanguke. Unaombea asianguke kwa sababu unampenda, halafu Jumatatu inakaribia na unaombea aanguke. Akienda zizini namfuata. Akiinama kwenye moto namfuata. Akinyamaza kidogo tu, mkono uko kwenye simu.

"We mtoto, umekuwa mkia wangu?"

"Nakulinda shangazi."

"Unanivizia."

Halafu akasema lililokuwa linamtafuna. "Hiyo video ikiingia kwa watu, Glory, mimi gulioni sirudi. Naapa." Mimi nina wafuasi, anajua. Nikamwapia kwa kaburi la babu. Ndipo akakubali.

Mara ya kwanza nilishindwa. Alikuwa anapepeta maharage mlangoni, akatoa sauti moja ambayo sikujua binadamu anaweza kuitoa, akaenda chini. Nikawasha simu. Mnataka kujua nilipata nini? Paa la bati, kuku mmoja, na mimi nalia "Yesu, Yesu, Yesu." Uso wake haupo hata mara moja. Nilimshika kichwa kisigonge kizingiti, simu ikaanguka ikatazama juu. Alipozinduka akaniuliza, "Umepata?" Nikasema hapana. Akafumba macho. Hakunigombeza, na hiyo iliniogopesha kuliko kugombezwa.

Ijumaa kabla ya ile Jumatatu, tulikuwa uani tunachambua vitunguu swaumu, na jirani yetu Mama Perpetua amekaa na mjukuu mgongoni. Xavery naye amekuja kuchukua mzigo. Wanataniana, Xavery anasema swaumu za shangazi zinanuka hadi kule Dirma, shangazi anamwambia ndiyo maana wewe huoi, umekaa karibu nazo. Shangazi akacheka. Kicheko kikakatika. Kichwa kikageuka upande taratibu, kama mtu anayeitwa na mtu asiyeonekana.

Ile sauti tena.

"Usimguse!" Mama Perpetua alishapita uzio. "Glory, usimguse, utaipata!"

Xavery aliacha pikipiki inanguruma, na yeye hayupo.

Nikabaki peke yangu. Nikasukuma debe na jembe mbali kwa mguu. Simu mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeuweka chini ya kichwa chake. Mwili ulikakamaa kama ubao, kisha ukaanza kuruka. Swaumu zinatapanyika kila upande. Macho yamegeuka meupe. Midomo ikawa nyeusi, povu likatoka na damu kidogo, na khanga ikalowa chini. Nilitaka kumfunika. Nilitaka kuitupa simu. Nilijisemea, ukiitupa, Jumatatu yuko ukingoni mwa maji. Nikaendelea kushika, machozi yanaingia mdomoni, nasema, "Niko hapa shangazi, niko hapa," na sijui nilikuwa namwambia nani.

Halafu ikatulia ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hakuwa anapumua. Au mimi sikusikia. Nikamgeuza ubavu, nikaweka sikio karibu na mdomo wake, kwenye mate yaleyale wanayoyakimbia. Kimya. Pikipiki ya Xavery inanguruma. Kimya.

Akakoroma.

Sijawahi kupenda mkoromo wa mtu namna ile.

Alipopata akili vizuri na kubadilisha nguo, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

"Shangazi, acha tu."

"Ni mimi au si mimi? Lete."

Aliitazama yote. Hakupepesa. Alipofika mwisho akauliza, "Huyo anayelia ni nani?"

"Ni mimi."

"Unalia nini na mwenyewe niko hapa?" Akanirudishia simu. "Kwa hiyo ndivyo mnavyoniona." Nikaokota swaumu. Baadaye akasema, "Daktari aone. Basi."

Jumamosi tukaenda. Safari hii hakuvaa viatu vya kanisani, alivaa kandambili. Daktari Festo aliitazama mara mbili, akauliza ilianza upande gani, akamwuliza shangazi tangu lini, na kwa mara ya kwanza shangazi alisema yote, na jiko, na lambo. Daktari akaandika, akagonga mhuri, akampa dawa na tarehe ya kurudi. "Dawa usiache hata siku moja mama." Neno lenyewe liko pale kwenye karatasi, limeandikwa wazi. Shangazi aliikunja ndogo kabisa, akaiweka kifuani.

Jumatatu asubuhi ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa watu wanaosubiri majembe. Mtendaji akasoma karatasi, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti, "Majirani wanasema kuna na video. Hebu tuione, tujiridhishe."

Watu wakageuka. Xavery yupo. Mama Perpetua yupo. Simu iko mkononi mwangu.

Shangazi akasogea mezani. "Mwanangu, asubuhi umeniamkia na nimekuitikia. Sasa na mimi niitikie. Ya daktari ameona daktari. Wewe nimekuletea mhuri."

Mtendaji aliigeuza karatasi huku na huku, kisha akakata jina la shangazi kwenye orodha ya wachimbaji. Ombi la ruzuku akasema litapelekwa juu, tusubiri. Mpaka leo tunasubiri.

Video niliifuta mbele yake, palepale njiani. Dawa anameza, ila bado akinyamaza ghafla mimi moyo unaruka. Juzi alinyamaza, nikakimbia, kumbe alikuwa anahesabu kuku.

Sasa zamu yenu. Kama kwenu kuna anayeanguka, au wewe ndiye unayeanguka, niandikie hapo chini ilikuwaje. Nani alikimbia, nani alibaki, daktari alikuamini vipi. Ukitaka kuficha jina, ficha. Maandishi tu lakini. Video msitume.