Mteja wa Mlimani

"Mtanga hatembei bila safari. Siku mkiniona natembea Julai na sina ninakokwenda, nisomeeni dua, akili imekwisha."

Khatibu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, harusini mtaa wa Mayfair, huku kusini ambako Julai ndiyo baridi kali, mbele ya watu na biriani zao. Wakacheka, kichwa kikamvimba. Mwaka uliofuata presha ikampanda, usingizi ukamhama, na nesi wa kliniki akamwambia atembee kila asubuhi, polepole, huku akiangalia vitu. Khatibu akauliza aende wapi. Nesi akasema popote. Akauliza tena, akidhani hajaeleweka.

Popote ni wapi? Mtaani kwao Bellevue huvuki mlango wa pili hujaulizwa unakwenda wapi, na asiye na jibu ama mwizi ama ana jini. Khatibu ni muuza mapazia, akapata hila: akakunja pazia moja, akalitia kwapani, akapanda kilima cha nyuma ya mtaa. Ukimuuliza, anampelekea mteja.

Huko juu baridi ilimuuma masikio kama ina kisasi naye. Majani yamekauka, miti imejifanya maiti, na katikati ya msiba huo mishubiri imechanua maua mekundu, yamesimama wima kama mienge. Khatibu akasimama nayo. Miti ya watu wema imekufa, huu wenye uchungu ndio uko harusini? Akashuka hajaelewa. Usiku akalala kama gogo, na hilo nalo hakulielewa. Akarudi kesho yake, na keshokutwa.

Jirani yao Octave, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, jicho lake haliachi kitu. Akamwendea Saida, mke wa Khatibu.

"Mama, ile pazia inapanda kila siku, inarudi kila siku. Huyu mteja hana dirisha?"

Saida hakupiga kelele. Asubuhi alijitanda ushungi juu ya ushungi, akatia miguu kwenye ndala, akamfuata mumewe kwa mbali. Maneno aliyoyapanga njia nzima yangetosha kuvunja ndoa tatu. Akamkuta peke yake, pazia kwapani, anautazama mshubiri.

"Yuko wapi?"

Khatibu akaonyesha ua kwa kidole.

"Hiyo shubiri, Khatibu. Ndiyo niliyojipaka kumwachisha Mwanaasha ziwa."

"Najua."

"Sasa unaitazamia nini?"

"Hapo ndipo na mimi sijui, mke wangu. Ila nikishaitazama, nalala."

Saida akatazama huku na huku. Kweli, siku hizi mtu anakoroma mpaka ukuta unaitikia. Na mwanamke gani angekuja kukaa kwenye baridi hii? Kindege cha kijani kinachong'aa kikatua, kikachomeka mdomo ndani ya ua, kikanywa kwa raha zake. Saida akachuma kiua kimoja, akakunja uso mapema, akakilamba.

Kitamu.

Akalamba tena. Uso ukabaki umekunjwa, haujui ukae vipi. Akaketi juu ya jiwe, vidole vya miguu havisikii kitu, na Khatibu akalikunjua pazia, wakajifunika wote wawili. Wakakaa hapo mpaka jua likapanda.

Waliposhuka, Octave akawauliza wanatoka wapi. Saida akafungua mdomo, akatafuta jibu, akaufunga.

Jumamosi wakaenda kutafuta raba za Saida za kupandia mlima. Za mtumba, soli nzima: randi mia moja na arobaini.