Sombe Mbele ya Dirisha

Niliambiwa kwamba sombe haipigiki picha. Aliyeniambia alikuwa shemeji wa mama mmoja Mkongomani mwenye mgahawa huku Kawempe, na alinieleza kwa huruma, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Dada, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye kamera yanatoka kama mavi ya ng'ombe. Piga kuku, piga chipsi, tumalize."

Mama huyo alikuwa anatengeneza ubao mpya wa picha za vyakula wa kuweka mlangoni, akaniita nimpigie, na mchapishaji alizitaka picha jioni ile. Sombe ndiyo aliyoanza kuuza alipofika Kampala kutoka Bukavu, kwenye sufuria moja, kabla hajawa na paa. Sasa shemeji alitaka iachwe nje ya ubao kwa sababu wateja wapya huchagua kwa macho. Mama alikuwa anakunjakunja kona ya kitenge chake, na hilo ndilo lililonichoma. Mimi nami nimelelewa kwa sombe.

"Itatoka," nikasema.

Nikueleze shida iko wapi, maana hakuna uchawi hapa. Sombe ni ya kijani iliyokolea sana, na bugali, yaani ugali, unaoliwa nayo ni mweupe. Ukiiacha kamera iamue yenyewe, itaogopa weupe huo, ipunguze mwanga, na sombe igeuke lami. Ukiwasha flashi, unaharibu zaidi: mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli, na chakula kisicho na vivuli hakina umbo.

Basi nilizima flashi. Nikasogeza meza dirishani na kuigeuza ili mwanga uingie kwa nyuma ya sahani, ubavuni kidogo. Kamera niliifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, kwa sababu mwanga wa dirisha ni hafifu, kamera huchukua muda kuupokea, na mkono wa binadamu hutetemeka. Upande wa bugali niliegemeza kitambaa cheusi kuutuliza weupe wake. Upande wa sombe niliweka kioo kidogo cha kujitazamia, kirushe mwanga pale tu. Ukiacha kamera na stendi, vitu hivi unavyo nyumbani kwako. Usimsikilize anayekwambia usubiri mpaka ununue taa. Anza na dirisha ulilo nalo.

Picha ikawa afadhali, lakini haikuwa nzuri. Nilikuwa nimeisawazisha sombe kwa mgongo wa kijiko, ikalala kama sakafu.

"Simenti hiyo," shemeji akacheka. "Bado kupiga deki."

"Shemeji, umekula?"

"Chai tu. Nyinyi mnapiga picha, mimi nakufa."

"Kaa. Kula hiyo hiyo."

"Na picha?"

"Kula."

Kwetu sombe hailiwi kwa uma. Alinawa, akamega bugali, akaubinya kwa kidole gumba hadi ukawa na shimo, akachota. Tonge lile liliacha mfereji katikati ya sombe, na mafuta ya mawese yakaanza kutelemka humo, mekundu, yakishika mwanga wa dirisha. Mkono ulipokuwa unarudi kwa tonge la pili nikapiga kelele.

"Usiguse! Toa mkono!"

"Si umesema nile, weye?"

"Mama, mshike!"

Mama akamshika kweli, kwa kola ya shati, huku akicheka mpaka mabega yanatikisika. Nikapiga, nikasogeza kioo kidogo, nikapiga tena. Kingo za mfereji zilikuwa na vivuli. Sombe ilikuwa na kina, na majani yakaonekana kuwa majani. Asubuhi nzima nilikuwa nimekipanga chakula kama kitu cha kutazamwa tu, na sombe haikubali kutazamwa tu.

Shemeji aliinamia kamera, akaitazama picha kwa muda mrefu, bado anatafuna.

"Sawa, imetoka," akasema. "Lakini hao watu wa maofisi ya kule mjini Nakasero watauliza hii ni kitu gani."

"Waulize. Mimi nina mdomo," Mama akamjibu.

Mama alichukua simu, akampigia mchapishaji, akatupa mgongo sote wawili.

"Sombe iweke juu kabisa, kubwa," akasema. "Chipsi zikikosa nafasi, zikose."