Rimu za Mtu Aliyebaki Barabarani

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na usukani niliushika kwa mikono hii hii ninayouzia ndizi hapa Mosocho. Atakayebisha abishe, mimi nilikuwepo.

Mume wangu, Baba Kemunto, alinunulia gari letu kubwa rimu pana za mtumba, zimevalishwa tairi nyembamba kama chapati. Nikamwambia barabara za mashamba ya majani chai zinataka tairi nene, zenye meno ya kushika matope, maana tairi nyembamba ikiingia shimoni, rimu ndiyo inayopigwa. Akasema mimi najua ndizi, urembo wa gari nimwachie yeye. Basi akawa anazitunza kuliko anavyonitunza mimi! Anasubiri zipoe, anaziosha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, na sabuni kali ya asidi haizigusi kabisa. Lakini hakuuliza zimetoka gari gani.

Na anajua. Huku kwetu, mtu akifia barabarani, watu wake huenda pale pale wakamwita kwa jina, warudi naye nyumbani. Asipoitwa, hubaki. Na vyuma vya gari lake haviguswi kabla hajaitwa. Mwanamume mzima, Mkisii wa kuzaliwa, akasahau hayo yote kwa sababu ya kung'aa.

Siku shule zilipofungwa nilikwenda upande wa Ikonge kumchukua Kemunto, kitindamimba wetu, katika shule yake ya bweni. Tukiwa njiani kurudi, mvua na ukungu vikashuka pamoja, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Roho haikutulia. Nikasimama kwenye kona, katikati ya mashamba ya chai, nikashuka niangalie.

Nikakuta mtu amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, kijana wa shati jeupe, anaipapasa rimu kwa kiganja. Alitokea wapi? Hapo hapana nyumba. Na niamini, mimi nilikuwa nimelowa hadi kwenye kitambaa cha kichwa, lakini shati lake lilikuwa kavu.

Hakuinua uso. Akasema, "Mama, hii imepasuka. Ukishuka nayo mteremko huo, mtoto hutamfikisha."

Nikainama. Kweli, upande wa ndani rimu ilikuwa na ufa, na tairi imevimba ubavuni kama jipu. Mtoto wangu wa pekee wa kike, na mteremko ulikuwa pale mbele yetu.

Nilipogeuka nimshukuru, Kemunto alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Nimemlea vizuri, hampiti mtu mzima bila kumwamkia. Akasema, "Anko, mvua inakunyeshea. Ingia twende nyumbani."

Sikuona mtu akiingia. Ila gari lilishuka kidogo, vile linavyoshuka mtu mzima akikaa, na yule kijana hakuwepo tena.

Nilimpigia simu Baba Kemunto, akatufuata na gurudumu jingine, tukafika nyumbani. Kesho yake akambana aliyemuuzia, naye akakiri kwamba gari lenye rimu zile lilipinduka kwenye kona ile ile. Dereva alizikwa kwao vizuri, lakini nduguze walisema kumwita mtu barabarani ni mambo ya zamani. Tukamtafuta mama yake, tukampeleka kwenye kona ile. Yule mama akasimama ukingoni mwa lami, akaliita jina la mwanawe kuelekea kwenye chai.

Kemunto, ambaye nilikuwa nimemshika mkono, akaitika, "Naja, mama." Hakuwa ananitazama mimi.

Rimu tulizirudisha, siku hizi tunatumia tairi nene. Mchungaji amekuja, tumeomba, tumefunga. Mtoto anakula, anacheza, darasani anafanya vizuri. Lakini kila shule zikifungwa anapanga nguo zake na kuniuliza ataenda kwao lini. Nikimwambia hapa ndipo kwenu, ananionea huruma, hanibishii. Je, wewe ungelala?

Kwa hiyo ukinunua rimu za mtumba, tafuta nyufa, soma tairi ni ya mwaka gani, kisha uliza mwenye gari yuko wapi na kama aliitwa. Na mtoto wako mfundishe kwamba wako watu hawakaribishwi hata kama mvua inanyesha. Wangu nilimfundisha adabu tu.